Pakiti 41 za Hamira

Pakiti zilikuwa 41. Nilizihesabu mwenyewe, nimechuchumaa nyuma ya magunia ya unga kwenye stoo ya kiwanda cha mikate, saa 5 usiku, jasho likinitiririka mgongoni kwa sababu ilikuwa Februari, na Dar es Salaam ya Februari haipoi hata usiku. Ilikuwa hamira kavu, pakiti za nusu kilo, bado zimefungwa, zimepangwa vizuri ndani ya boksi la mafuta ya kupikia na kufunikwa kwa gunia tupu. Kwangu mimi kesi ilikwisha pale pale. Anayeficha hamira ya kiwanda ni mwizi, na mtu pekee aliyeshika ufunguo wa stoo usiku alikuwa mzee wa kukanda.

Nilikuwa na miaka 29. Nilisoma sayansi ya chakula SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nikapita sehemu mbili tatu, kisha nikapewa kusimamia uzalishaji katika kiwanda hiki, ambacho jina lake nitaliacha. Kilikuwa na wafanyakazi 38 wa kudumu, na vibarua wanaoongezeka na kupungua kufuata msimu. Yule mzee alikuwa amekanda unga pale kwa miaka 19, na kila mtu alimwita Fundi. Nikiingia zamu ya usiku, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuniamkia: "Shikamoo, bosi." Na mimi, ambaye yeye angeweza kunizaa, nilikuwa naitikia "marahaba" bila hata kusimama. Leo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote nitakayoyasimulia hapa. Wakati ule wala sikuliona.

Fundi alisimamishwa kazi asubuhi ile ile. Nilimuuliza swali moja, mbele ya wenzake: "Hizi ni zako?" Akajibu, "Ni za kiwanda, bosi." Nikampa karatasi aandike maelezo. Aliandika mistari miwili, kwamba hamira haijatoka nje ya geti na kwamba sababu ataieleza akiulizwa. Hakuna aliyemuuliza. Boksi lilikuwa mezani kwangu, nikaona linatosha.

Usiku uliofuata alikanda kijana wa zamu yake, na alifuata fomula yangu neno kwa neno. Kilo 100 za unga, hamira pakiti mbili, chumvi, sukari, mafuta, maji lita 58. Niliibandika ukutani mimi mwenyewe, ndani ya plastiki, ili isichafuke. Kufikia saa 8 usiku madonge yalikuwa yameumuka hadi yakapita ukingo wa mikebe, yakatulia kidogo, kisha yakanywea kabla hayajaingia kwenye tanuri. Mikate iliyoiva ilitoka imebonyea katikati, ndani ina mashimo, inanuka kama togwa iliyolala siku mbili. Tukasema labda ni bahati mbaya. Usiku wa pili ikawa vile vile. Siku ya tatu wasambazaji wakaanza kurudi na trei zilizojaa, na Mangi mmoja, mwenye duka Temeke, akatuma mkate uliokatwa vipande, hakuandika neno, ili tuone wenyewe lile tundu ambalo kidole gumba changu kilipita bila kugusa kingo. Kwa usiku tulikuwa tunatoa mikate kama 1,200. Karibu nusu ilikuwa inarudi au haitoki kabisa.

Aliyenifumbua macho alikuwa mama mmoja wa kufungasha. Alinisubiri mlangoni, akahakikisha hakuna mtu karibu, akasema kwa sauti ya chini: "Bosi, Fundi huwa haweki pakiti mbili. Kipindi cha joto anaweka moja na nusu. Sote tunajua."

Sote. Zamu nzima ya usiku ilijua namna mkate wetu unavyotengenezwa, isipokuwa mimi niliyekuwa nalipwa kuujua.

Naomba nieleze kidogo hapa, kwa sababu bila hili mtu anaweza kudhani Fundi alikuwa anabahatisha. Donge la mkate likitoka kwenye mashine ya kukandia linatakiwa liwe na joto la nyuzi 26 au 27 hivi. Maji yetu yalikuwa yanatoka kwenye simtanki lililo juu ya paa la bati, limepigwa na jua kutwa. Saa 4 usiku maji hayo bado yalikuwa na nyuzi 33, hata 34. Mashine nayo, kwa kule kuzunguka tu, inaongeza joto. Hamira ikikutana na donge la moto namna hiyo haimsubiri mtu, inafanya kazi ya saa nzima kwa nusu saa, donge linavimba, linachoka, linaanguka. Ukitaka mkate usimame, ama upoze maji, ama upunguze hamira. Maji baridi Fundi hakupewa. Hamira ilikuwa mkononi mwake.

Kisha inakuja Julai, upepo wa kusi unavuma, usiku unapoa, maji ya tangini yanapoa. Sasa pakiti mbili hazitoshi na mkate unatoka mgumu kama tofali. Fundi alikuwa anaongeza nusu. Aliitoa wapi hiyo nusu, wakati stoo inampa pakiti mbili tu kwa kila mkando? Kwenye boksi. Alichokiweka wakati wa kaskazi alikitumia wakati wa kipupwe. Ndiyo maana kwa miaka yote hesabu za stoo hazikuwahi kupungua hata pakiti moja, na ndiyo maana hakuna mhasibu aliyewahi kumshtukia.

Na kila usiku, kwenye fomu ya uzalishaji, alikuwa anaandika "Hamira: pakiti 2" na kusaini. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika kitu kingine.

Nilikwenda kwake Mbagala Jumapili, baada ya adhuhuri. Nilibeba sukari na mchele. Mkate niliona haya kuubeba. Nilimkuta kwenye mkeka chini ya mwarobaini, mjukuu wa kama miaka miwili akimparamia mabegani. Nikasimama mbali kidogo, nikasema: "Shikamoo, Mzee." Alinitazama. Ni kitambo kifupi sana, lakini mimi nilikiona kirefu. "Marahaba, mwanangu. Karibu, vua viatu ukae."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na nimekuja kuuliza kwa sababu siku ile sikuuliza.

"Sasa umeuliza," akasema, na akaanza.

Alimwambia meneja wa kwanza kwamba kipindi cha joto pakiti mbili ni nyingi. Akaambiwa afuate karatasi. Akamwambia wa pili. Akaulizwa yeye amesoma wapi. Wa tatu alimpa onyo la maandishi kwa kubadilisha fomula bila ruhusa, na onyo hilo lilikuwa bado kwenye faili lake ofisini kwangu, nililisoma Jumatatu yake. "Baada ya pale," Fundi alisema, "nikaacha kusema, nikakanda." Kisha akamvuta mjukuu, akageuza mkono, akamgusa shavuni kwa mgongo wa vidole. "Donge likitoka mashineni liguse hivi. Likiwa kama shavu la huyu akitoka kuogeshwa kwa maji ya mtungi, ni sawa. Likiwa kama shavu lake hivi sasa ameshinda juani, umechelewa, hata ufanye nini."

Nilikuwa nimesoma miaka minne. Hakuna siku niliyolielewa donge kama siku ile.

Alikubali kurudi, kwa masharti mawili. La kwanza: "Uliniita mwizi mbele ya watu. Mbele ya watu hao hao uniondolee." La pili sikulitarajia. Hakuomba nyongeza. Alitaka fomu ibadilike. "Nimesaini uongo miaka mingi, na mimi ni mtu mzima. Sitaki kurudi kusaini uongo."

Mwenye kiwanda hakupendezwa. Aliniambia, na nadhani alinitakia mema, kwamba ukimwomba mfanyakazi msamaha leo, kesho watakupanda kichwani. Nilikwenda hivyo hivyo. Saa 12 jioni, zamu zinapopishana, nilisimama karibu na mashine nikawaambia watu kwamba Fundi hakuiba, kwamba nilimhukumu bila kumsikiliza, na kwamba mikate iliyoharibika wiki ile ni kwa sababu yangu. Sauti ilinitetemeka. Hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru hawakupiga. Yule mama wa kufungasha alifunga upya kanga kiunoni, akasema, "Haya, kazi," na watu wakaenda kwenye nafasi zao.

Tangu siku ile, nikisikia watu wanajadili kama wafanyakazi wapewe uhuru au wasipewe, naona wameanza katikati ya habari. Uhuru walikuwa nao tayari. Pale kwetu ulikuwa unatembea usiku, umefunikwa kwa gunia tupu nyuma ya magunia ya unga. Kila mahali pa kazi ambapo mambo yanakwenda vizuri kuliko taratibu zilivyoandikwa, kuna mtu chini kule anayeamua kimya kimya, akijua siku akikamatwa ataitwa mwizi au mkaidi. Kilichokuwa mikononi mwangu kuamua ni kama huo uamuzi utaendelea kujificha, au utawekwa mezani, wengine wajifunze, ukikosewa usahihishwe, na ukiokoa fedha aliyeziokoa naye apate.

Fomu tuliibadilisha. Chini ya kila kiungo tukaweka mistari miwili: "Nimebadilisha" na "Kwa sababu." Tukanunua kipimajoto cha kuchoma kwenye donge, na kwa miezi ya joto tukaanza kununua barafu za mabonge, tunazivunja ndani ya pipa la maji kabla ya mkando wa kwanza. Mkandaji akapewa ruhusa ya kupunguza au kuongeza hamira hadi robo ya kipimo bila kumpigia mtu simu. Chumvi haiguswi bila makubaliano, hilo nililishikilia, na Fundi mwenyewe aliniunga mkono, maana chumvi ndiyo inayoishika hamira breki na ukikosea hapo unaharibu vyote viwili. Halafu tukampa kila mtu wa zamu, hadi anayepaka mafuta mikebe, haki ya kusimamisha kazi akiona jambo haliko sawa. Wajapani wa Toyota walikuwa na kamba ambayo mfanyakazi yeyote aliivuta akiona hitilafu. Sisi tulitumia kengele ya shule, ile ya mkono.

Kwa wiki sita hakuna aliyeipiga. Na ile mistari miwili ya fomu ilirudi tupu, isipokuwa kwa Fundi.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo gumu zaidi kuliko la hamira. Nilidhani nikifungua mlango watu watapita. Nikaitisha kikao, nikasema jamani, semeni chochote, hakuna kitakachotoka nje ya chumba hiki. Wakatazama sakafu. Mmoja akasema, "Sisi hatuna tatizo, bosi, tunashukuru." Tulikuwa na sanduku la maoni pia, limetundikwa ukutani kama masanduku yote ya maoni ya nchi hii, lenye kufuli ambalo ufunguo wake ilibidi utafutwe siku nzima. Tulipolifungua tulikuta karatasi tatu. Moja ilikuwa ya miaka miwili nyuma, imeandikwa kwa kalamu ya risasi: "Tunaomba taa ya nje getini." Taa haikuwepo. Mtu alichukua muda wake akaandika, akatumbukiza, akasubiri miaka miwili gizani. Ungekuwa wewe, ungeongea kwenye kikao changu?

Dada yangu ni muuguzi, na alikuwa ameniletea ile karatasi ya hospitalini kwao ya kupanga mahali pa kazi: Sasambua (ondoa visivyohitajika), Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni utaratibu mzuri, umetoka Japani, hapa kwetu ulianza hospitalini, na kuanzia 2013 wizara ya viwanda nayo ikawa inaeneza Kaizen, yaani kuboresha kazi hatua kwa hatua, viwandani kwa kushirikiana na JICA, shirika la misaada la Japani. Niliibandika ukutani kwa fahari. Dada alipokuja kunitembelea aliisoma, akatazama sakafu iliyong'aa, akauliza, "Na hapa anayeamua nini kisasambuliwe ni nani?" Nilimjibu, mimi. Hakusema kitu.

Nikampigia simu baba, ambaye sasa ni marehemu. Alifanya kazi kiwanda cha nguo tangu mwishoni mwa miaka ya sitini, na enzi hizo alizisimulia mara chache, tena kwa hatua. Alikuwa kijana wakati Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 ulipotaka mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata ukaja Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, na kifungu cha 15 kikasema kiongozi asiwe mwenye majivuno wala makuu, asiwe mwenye dharau wala mwonevu. Baba alisema watu walikishika kifungu kile kwa moyo kama sura ya Kurani. Meneja akimtukana mtu, anatajiwa namba tu: kumi na tano. Migomo ikafuata katika viwanda vingi, na 1973 wafanyakazi wa Mount Carmel, kiwanda cha mpira hapa Dar, walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendesha uzalishaji wenyewe. Kwingine wafanyakazi waliochukua njia hiyo waliondolewa na polisi.

"Kwenu baraza lilikuwa linafanya nini?" nilimuuliza.

"Tulikuwa tunasomewa," baba alisema. "Meneja na wakuu wa idara wanasoma makadirio, sisi tunaulizwa kama tumeelewa. Tumeelewa. Kikao kimefungwa." Akanyamaza, kisha akaniambia: "Mwanangu, usiwaulize kama wana neno. Wape kitu waamue, kidogo tu, na ukubali kushindwa."

Nilianza na taa. Niliifunga kesho yake, bila hotuba, na kile kikaratasi cha kalamu ya risasi nikakibandika ukutani pembeni ya mlango, nimeandika chini yake tarehe na "imefungwa, tumechelewa, samahani." Wiki hiyo hiyo sanduku likapata karatasi nne.

Karatasi mojawapo iligusa ratiba. Zamu ya usiku ilikuwa inaisha saa 10 alfajiri, kwa sababu mtu fulani zamani aliona ni saa nzuri ya magari kupakia. Saa 10 alfajiri hakuna daladala. Wanawake tisa wa kufungasha walikuwa wanakaa kwenye ngazi za geti, gizani, hadi basi la kwanza lipite, na mmoja alishawahi kuporwa simu na pochi akiwa pale pale. Wanaume walitembea kwa makundi. Mimi nilikuwa nafika saa 2 asubuhi kwa gari, sikuwahi kuiona hata siku moja ile ngazi ikiwa imejaa watu. Nikawaambia wapange wenyewe ratiba, masharti ni mawili: mikate ya kwanza iwe tayari saa 10 na nusu, na saa za mtu zisizidi 45 za kawaida kwa wiki ambazo sheria inaruhusu. Walikaa mara tatu. Walichokuja nacho sikukiwaza: kuanza saa moja na nusu baadaye, wakandaji na watu wa tanuri waingie kwanza, wafungashaji waingie mwisho na kutoka mwisho, mchana umeanza kupambazuka. Haikugharimu senti tano.

Kingine kiligharimu. Kwenye kikao kile cha tatu, kijana wa tanuri, mpole, ambaye nilidhani hajui hata jina langu kamili, alisimama na simu mkononi akasoma kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuwa saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kwamba kila saa ya usiku inastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5. Akauliza yetu iko wapi. Haikuwepo. Nilihisi uso unapata moto, na nakiri jambo la kwanza lililonijia kichwani ni maneno ya mwenye kiwanda: wamekupanda kichwani. Nikayameza. Nikasema nitajibu Ijumaa, na Ijumaa nilikuwa na jibu nusu: nyongeza inaanza mwezi ule, ya nyuma bado inabishaniwa. Malimbikizo hayo yalichukua miezi saba, na yalipatikana baada ya wafanyakazi kujiunga na TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, na kuchagua wawakilishi wao kama sheria inavyoruhusu. Nawaambia mameneja wenzangu bila kuzunguka: ukiwapa watu sauti kwa matumaini kwamba watazungumzia hamira peke yake, usianze. Watazungumzia mshahara, na watakuwa na haki.

Sikufanikiwa kila mahali. Ratiba ile nzuri, baada ya miezi mitatu, ikawa inawaumiza wageni. Wenye miaka mingi na wenye maneno mengi walijigawia Jumapili za kupumzika, na mabinti wawili walioajiriwa karibuni wakajikuta wanafanya kila usiku wa Jumamosi. Hawakulalamika, wangelalamika kwa nani, wakati walioipanga ni wenzao? Niligundua kwa kutazama daftari la mahudhurio, na nilipouliza nikaambiwa, "Si ulisema tupange wenyewe?" Nilisema. Ikabidi nirudi mezani, si kuichukua ratiba, bali kuweka sharti la tatu, kwamba Jumamosi zizunguke kwa kila mtu. Kuna waliosema nimewanyang'anya uhuru. Mmoja wao hajanisamehe mpaka leo, na sidhani kama nilikosea.

Kengele nayo ilipigwa mara ya kwanza Agosti. Aliyeipiga ni mmoja wa wale mabinti. Aliona unga una rangi ya kijivu, akasema umeingia unyevu, mkando mzima ukasimama dakika 40, kilo 100 zimo kwenye mashine. Tulichunguza. Unga ulikuwa mzima, ni taa mpya tu ya juu ya mashine iliyobadilisha rangi. Binti alikuwa anatetemeka. Kila mtu ananitazama mimi, na Fundi pia ananitazama, amekunja mikono yenye unga hadi kwenye viwiko. Nilichukua fomu, nikaandika mwenyewe kwenye mstari wa "Kwa sababu": aliona tofauti akasimamisha, kama tulivyokubaliana. Nikasaini. Fundi akasema, "Washa mashine." Mwezi uliofuata kengele ilipigwa mara tano, na mara mbili kati ya hizo ilituokoa kweli: kipande cha waya wa chekecheke ndani ya unga, na mkebe uliopasuka kingo uliokuwa unaacha vichuma kwenye mkate.

Fundi alistaafu miaka minne baadaye. Kabla ya kuondoka alikaa na kijana yule yule aliyekanda mikate iliyonywea, usiku baada ya usiku, kipimajoto mfukoni na mgongo wa mkono kwenye donge, wanabishana nani amepatia. Boksi la mafuta ya kupikia bado lipo stoo. Sasa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito "AKIBA YA KIPUPWE", na lina daftari lake.

Kilichobaki hakijaisha, na kinaninyima usingizi kuliko hamira yoyote. Ni vibarua. Leo tuna 11. Wanapakia, wanasugua mikebe, wanabeba magunia, na kila jioni wanasimama getini kusubiri kuchaguliwa. Tumewapa kengele kama wengine. Hawajaipiga hata mara moja. Nilimuuliza mmoja, kijana wa Lindi, mwenye macho makali kuliko sisi sote. Ndiye anayeona mkebe uliopasuka kabla haujatoka kwenye beseni, lakini akiuona anamnong'oneza mwenye ajira aseme yeye. Kwa nini asipige mwenyewe? Akanijibu kwa adabu kabisa: "Dada, mimi kesho naweza kuambiwa nisije." Niliinamisha kichwa, maana ni kweli. Kila nilichokisema kuhusu uhuru wa kazini kinaishia mguuni pa mtu huyu. Mtu asiye na mkataba hana sauti, ana ruhusa ya kuongea tu, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa getini, saa 11 jioni, kwa kidole kuelekezwa kwa mwingine.

Nimeandika hesabu. Nimeonyesha kwamba watu hawa 11, ukijumlisha siku zao za mwaka, ni kazi ya watu wanane wa kudumu, na kwamba tunalipia magunia yanayochanika na mikebe inayopondeka kwa sababu kila wiki tunafundisha watu wapya. Mwenye kiwanda ameisoma mara mbili. Amekubali tuonane Alhamisi, pamoja na wawakilishi wa tawi letu la TUICO. Mara hii sitaanza mimi kuongea. Tumekubaliana aanze mama wa kufungasha, na baada yake yule kijana wa Lindi, ambaye jana nimemwona amekaa kwenye ngazi za geti chini ya ile taa, anaandika atakayosema nyuma ya fomu ya uzalishaji.